Manukato Mawili na Ahadi Moja



Mwezi uliopita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alinijia jioni akiwa na furaha ya kijana aliyepokea mshahara wake wa tatu. Amemaliza masomo, amepata kazi katika kampuni moja ya hapa Lubumbashi, na mwaka ujao anatumaini kufunga ndoa. Baada ya salamu alikaa, akasita kidogo, kisha akaniambia: «Mjomba, nataka kununua manukato ya kweli, si yale ya kando ya barabara. Nimebaki na mawili na ninashindwa kuchagua. Wewe ni mwalimu, unisaidie kupima.»

Nilicheka. Katika miaka yangu yote ya ualimu na ukatekista nimeombwa ushauri juu ya mahari, juu ya masomo, juu ya wazazi wasioelewana, lakini juu ya marashi hakuna aliyewahi kuniuliza. Hata hivyo swali lake lilikuwa la kweli, na mtu aliyekuja kuuliza kabla ya kutoa fedha anastahili kusikilizwa. Nimeona niwaandikie tulivyofanya, kwa kuwa najua wengi wenu mnajiuliza swali hilohilo mbele ya viatu, simu au suti, hata kama hamjafika kwenye manukato.

Majina aliyonitajia yalikuwa Baccarat Rouge 540 ya nyumba ya Maison Francis Kurkdjian, na Oud Wood ya Tom Ford. Yote mawili ni ya wanaume na wanawake pia. Ndiyo sababu aliyapenda: alikuwa amewaza kununua chupa moja, aitumie yeye pamoja na mchumba wake. Bei ya chupa ya kawaida ya kila moja hupita dola 200 hata huko Ulaya. Mwalimu wa shule ya msingi katika nchi yetu hainunui chupa kama hiyo kwa mshahara wa mwezi mmoja.

Ningeweza kumkemea palepale. Sikufanya hivyo, na nitawaeleza sababu.

Aliyeuliza bei kule Bethania

Mnalikumbuka simulizi la Maria wa Bethania, aliyempaka Yesu miguu kwa marhamu ya nardo. Mwinjili Yohane anataja bei yake: dinari 300. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja, kwa hiyo chupa ile ilikuwa karibu mshahara wa mwaka mzima. Hesabu ile ilitolewa kwa sauti na Yuda, na Mwinjili anatuambia wazi kwamba hakuwa akiwajali maskini. Kila ninapotaka kumhukumu mtu kwa sababu ya kitu cha thamani alichonunua, nakumbuka kwamba aliyeuliza swali hilo kwanza hakuwa na moyo safi.

Kanisa lenyewe halichukii harufu nzuri. Krisma mliyopakwa kwenye paji la uso siku ya Kipaimara ni mafuta yaliyotiwa manukato ya balsamu, na wavulana kwa wasichana walipakwa mafuta yaleyale. Wala historia ya nchi zetu hizi mbili za mto Kongo haichukii unadhifu. Vijana wa Sape, huko Brazzaville na Kinshasa, pamoja na Papa Wemba aliyewapa umaarufu duniani, walishikilia jambo moja lenye uzito: kwamba mtu asiye na mali ana haki ya kujiheshimu mbele za watu. Ninajua pia kwamba wapo waliolala njaa ili wavae koti la jina kubwa. Mambo haya mawili yote ni ya kweli, na anayetaja moja tu hajasema ukweli wote.

Kwa hiyo sikumwambia mpwa wangu kwamba manukato ni dhambi au upuuzi. Nilimwambia: «Tupime vizuri. Lakini tukianza kupima, tupime yote.»

Tunachokijua juu ya haya mawili

Mwalimu hapimi asichokijua, basi tulianza kwa kusoma.

Baccarat ni mji mdogo wa mashariki mwa Ufaransa wenye kiwanda cha vioo vya thamani kilichoanzishwa mwaka 1764. Kilipotimiza miaka 250, mwaka 2014, kilimwomba mtengenezaji wa manukato Francis Kurkdjian atunge harufu ya kuadhimisha sikukuu hiyo. Chupa za kwanza zilikuwa chache sana, na mwaka uliofuata manukato hayo yaliingia katika maduka ya nyumba yake mwenyewe. Namba 540 ni nyuzi za joto zinazotajwa katika kazi ya kupata kioo chekundu kilichochanganywa na dhahabu. Ndani yake mna harufu ya zafarani, ya asmini, ya mbao za mwerezi, na ya ambari. Ambari halisi hutoka tumboni mwa nyangumi, lakini watengenezaji wa leo hutumia badala yake dutu za maabara, na moja iliyo maarufu huanzia katika mmea wa jamii ya mnanaa. Juu ya hayo yote kuna utamu unaofanana na sukari iliyoanza kuungua.

Oud Wood ilitoka mwaka 2007 katika mkusanyiko wa kwanza wa manukato ya binafsi ya Tom Ford, mbunifu wa mavazi wa Marekani. Jina lake linatokana na udi, neno ambalo sisi tusemao Kiswahili hatuhitaji kutafsiriwa. Katika pwani ya Afrika Mashariki, Oman na nchi za Ghuba, udi hufukizwa nyumbani na kwenye nguo tangu zamani, na mafuta yake hupakwa na wanaume na wanawake. Katika chupa hii umechanganywa na iliki, pilipili, mbao zenye harufu laini, msandali na vanila.

Mpwa wangu hakujua udi unatoka wapi. Unatoka katika miti ya Asia iitwayo Aquilaria. Mti ukiwa mzima, mbao zake ni nyeupe na hazina harufu ya kutajwa. Ukijeruhiwa na kuingiwa na ukungu, hujilinda kwa kutoa utomvu mweusi, na huo utomvu ndio udi. Kwa kuwa watu waliikata miti hiyo ovyo wakitafuta michache iliyougua, mwaka 2004 mkutano wa mataifa uliofanyika Bangkok uliiweka jamii yote ya Aquilaria chini ya ulinzi wa biashara ya kimataifa. Sisi wa Haut-Katanga tunaelewa jambo hilo bila mwalimu, kwa kuwa tuliyaona malori ya mukula, na mukula nao uliwekwa chini ya ulinzi huo mwaka 2019. Udi halisi ni ghali mno, hivyo manukato mengi yenye jina lake leo hutegemea zaidi michanganyiko ya maabara. Kwa upande wa misitu, si jambo baya.

Harufu ya mwanamume, harufu ya mwanamke

Kabla ya kupima aliniuliza kwa haya kidogo: «Mjomba, je, si aibu mwanamume kunukia kama mchumba wake?»

Nilimjibu kwamba aibu hiyo ni changa kuliko anavyodhani. Maji ya Köln, yaliyotungwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 18 na Johann Maria Farina, yalipakwa na wanaume na wanawake, na Napoleon mwenyewe aliyapenda. Jicky ya Guerlain, ya mwaka 1889, ilivaliwa na wote wawili. Kugawanya rafu za duka kuwa za «bwana» na za «bibi» kuliwasaidia wafanyabiashara kuuza chupa mbili katika nyumba moja. Mwaka 1994 Calvin Klein alipotoa CK One na kuitangaza kuwa ya wote, dunia ilishangaa kana kwamba ni jambo jipya, ilhali waliofukiza udi nguo za bwana na za bibi katika chetezo kimoja walikuwa wakifanya hivyo siku zote. Pua haijui kama zafarani ni ya kike au iliki ni ya kiume. Sisi ndio tunaoifundisha.

Lakini nilimwambia pia neno la pili, ambalo hakulitegemea: «Chupa ya watu wawili inapimwa na watu wawili. Umemwuliza mchumba wako?» Alinyamaza. Hakuwa amemwuliza.

Siku ya kupima

Ndugu mmoja aliyerudi kutoka Brussels alikuwa amempa vichupa viwili vidogo vya kuonja, vyenye matone machache tu. Tukakubaliana kukutana Jumamosi nyumbani kwa dada yangu: yeye, mchumba wake, mama yake, mdogo wake wa kike, na mimi.

Niwaeleze utaratibu, kwa sababu utawafaa hata kwa manukato ya bei ndogo. Usinuse harufu nyingi siku moja. Mbili au tatu zinatosha, maana pua huchoka upesi. Anza na karatasi ili upate picha ya kwanza, kisha paka kwenye ngozi, moja mkono wa kulia na nyingine mkono wa kushoto. Usisugue. Subiri. Robo saa ya kwanza hukupa vitu vyepesi vinavyoruka haraka, na wauzaji wengi huuza kwa robo saa hiyo. Baada ya saa moja unasikia moyo wa manukato. Baada ya saa nne au sita unabaki na msingi wake, na huo ndio utakaoishi nao mchana kutwa. Fanya hivyo siku ya joto kama ndivyo unavyoishi, kwa kuwa joto na jasho hubadilisha kila kitu. Na kama ngozi yako huwashwa, paka kidogo sana kwanza, ungoje hadi kesho yake.

Saa tatu asubuhi tulipaka. Oud Wood ilifungua kwa iliki, na dada yangu akasema mara moja kwamba inamkumbusha chai ya sikukuu. Baccarat Rouge ilijaza chumba. Mdogo wa mpwa wangu alinusa akatabasamu: «Hii ni sukari inayoungua.» Mama yake akaongeza: «Na hospitali kidogo.» Wote wawili walikuwa sahihi, ndani ya utamu ule kuna ukali mkavu ambao wengine hufananisha na dawa.

Adhuhuri, Oud Wood ilikuwa imekaribia ngozi. Ilibidi mtu ainamie mkono ili aisikie, nayo ilikuwa laini, mbao na vanila. Baccarat Rouge ilisikika bado kutoka upande wa pili wa meza, ingawa mpwa wangu aliyeipaka alidai kwamba imeisha. Hilo ni jambo la kukumbuka: pua huzoea harufu ya mwenye pua. Mtu anayejiongezea kila saa kwa sababu yeye haisikii huwatesa walio karibu naye. Jioni, ile ya kwanza ilikuwa imebaki kama kumbukumbu tu, na ile ya pili ilikuwa bado kwenye shati, ikakaa huko mpaka Dominika.

Kwa hukumu ya pua pekee, basi: anayetaka kusikika mbali na kwa muda mrefu atachagua Baccarat Rouge 540. Anayetaka harufu ya kukaa karibu naye, inayojulikana na yule tu aliyemkumbatia, atachagua Oud Wood, akikubali kwamba atalipa bei kubwa kwa saa chache zaidi ya hapo. Mpwa wangu alichagua Oud Wood. Mchumba wake, bila kusita, alichagua ile nyingine. Walitazamana wakacheka, na mpango wa chupa moja ukaanguka mbele ya macho yetu.

Hesabu ya mwalimu

Nikaomba kalamu. Chupa ya Baccarat Rouge iliyotajwa ni ya mililita 70, ya Oud Wood ni ya 50. Mnyunyizo mmoja hutoa takribani sehemu moja ya kumi ya mililita. Kwa hiyo chupa ya kwanza ina minyunyizo kama 700, na ya pili kama 500. Watu wawili, kila mmoja minyunyizo miwili kwa siku, ni minne. Chupa ya kwanza itakaa siku 175, yaani karibu miezi sita. Ya pili itakaa siku 125, miezi minne na kidogo.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kila chupa ni dola 250. Ya kwanza itawagharimu dola moja na senti 43 kila siku. Ya pili, dola mbili kamili kila siku. «Dola mbili,» dada yangu alirudia polepole, naye ndiye anayekwenda sokoni.

Lakini hesabu ileile inaweza kusomwa upande mwingine. Wakiivaa Dominika na sikukuu tu, chupa ya kwanza itavuka miaka mitatu, na ya pili miaka miwili, ikiwekwa mahali penye giza na ubaridi, mbali na dirisha. Hapo gharama inakuwa ndogo kuliko ya wengi wanaonunua kichupa cha bei ndogo kila mwezi. Siwaambii haya ili mnunue. Ninawaambia ili mjue kwamba bei ya kitu haijulikani mpaka ujue utakitumia namna gani.

Bandia na inayofanana

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hulichanganya. Mpwa wangu alikuwa ameonyeshwa mjini chupa yenye jina la Baccarat Rouge kwa sehemu ndogo sana ya bei yake. Ile ni bandia: imechukua jina la mwingine, na hakuna ajuaye kilichomo ndani. Anayeipaka anaweka juu ya ngozi yake kitu kisicho na mwenyewe. Tazama kisanduku, herufi za jina, namba ya toleo iliyo chini ya chupa na kwenye kisanduku kama zinalingana. Lakini dalili kubwa kuliko zote ni ile bei isiyowezekana.

Tofauti na hiyo, yapo manukato yanayofanana na yale makubwa lakini yanauzwa kwa jina lake yenyewe. Cloud, iliyotoka mwaka 2018 kwa jina la mwimbaji Ariana Grande, hulinganishwa mara nyingi na Baccarat Rouge, na nyumba kadhaa za Dubai hutunga harufu za namna hiyo kwa bei ndogo mno. Mahakama kuu ya Ufaransa iliamua mwaka 2006 kwamba harufu ya manukato hailindwi kama inavyolindwa kazi ya mwandishi. Basi anayenunua harufu inayofanana, akijua anachonunua na bila kudanganya mtu, simwoni kuwa mkosaji. Anayevaa bandia ili adhaniwe kuwa na fedha asizonazo, huyo amejidanganya mwenyewe kwanza.

Jirani ana pua

Nina neno kwa wanakwaya na kwa wale wanaopanda taksibasi. Harufu haifungwi mlango. Ukivaa nguo nisiyoipenda, naweza kutazama kwingine. Ukivaa harufu inayonizidi, sina pa kwenda. Katika mazoezi ya kwaya nimemwona mama mwenye pumu akitoka nje kwa sababu ya kijana mmoja aliyejimwagia marashi, na kijana yule hakujua. Manukato yenye nguvu kama Baccarat Rouge yanadai kiasi: mnyunyizo mmoja chini ya nguo, si minne shingoni. Kwenye chumba cha wagonjwa, usivae kabisa. Kwa sababu hiyo peke yake, kama ningelazimishwa kuchagua kwa ajili ya kijana anayefanya kazi na watu wengine chumba kimoja, ningesimama upande wa Oud Wood. Udhaifu wake wa kutosikika mbali naona ni adabu yake.

Kilichobaki mezani

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Tulipokuwa tukinusa na kucheka, mdogo wa mpwa wangu, yule aliyesema habari ya sukari, alimkaribia kaka yake akamwuliza kwa sauti ndogo: «Yaya, ile karatasi ya shule umeiona?» Yuko darasa la mwisho la sekondari. Mwaka huu anafanya mtihani wa Serikali, ule tuuitao Exetat. Kaka yake alipopata kazi, mbele yetu sote, alisema kwamba ada ya mtihani huo ni juu yake. Karatasi ilikuwa juu ya kabati tangu siku kumi.

Hakuwa amekataa kulipa. Hakuwa hata amesahau kabisa. Aliweka tu jambo lile upande mmoja, na manukato upande mwingine, kama vitu visivyojuana. Katika mfuko mmoja, vitu vyote vinajuana. Aliyelinganisha kwa uangalifu zafarani na iliki hakuwa amelinganisha chupa na karatasi ile.

Mpwa wangu aliinuka, akaichukua karatasi kutoka kabatini, akaisoma mbele yetu. Jumatatu alilipa. Sikumwambia neno, na ninaomba nanyi msimcheke, kwa sababu ni kijana mwema, na wengi wetu tuna karatasi juu ya kabati.

Maoni yangu, basi, ni haya. Kulinganisha kabla ya kununua ni tendo la mtu mzima, nami nawasifu wanaofanya hivyo. Lakini ulinganisho wa duka huweka mezani vile viwili tu ambavyo muuzaji anavyo, na kukuuliza: hiki au kile? Kijana mwenye akili huongeza cha tatu: neno nililokwisha kutoa kwa mtu. Neno hilo likishatimizwa, kilichobaki ni chako, na una uhuru wa kukitumia kwa kitu kizuri bila kumwomba radhi mtu yeyote. Maria wa Bethania alitoa kilicho chake, wala Injili haisemi kwamba kuna aliyekuwa akimdai.

Kama mtaniuliza wale wawili wamenunua nini, jibu ni kwamba bado. Wanaweka akiba kidogo kidogo ndani ya bahasha moja. Nyumba zote mbili hutoa pia chupa ndogo kuliko zile za kawaida, nao wamepanga, mtihani ukiisha na mahari ikikamilika, kununua moja ndogo kwa siku ya arusi. Ipi kati ya hizo mbili, wanabishana bado. Dada yangu anasema ubishi huo ni mazoezi mazuri ya ndoa.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Ni kitu gani cha mwisho ulichonunua baada ya kulinganisha? Ulilinganisha mambo gani, na lipi hukuliweka mezani?

2. Je, umewahi kuvaa au kutumia kitu bandia ili watu wakudhanie? Ulijisikiaje?

3. Tunawezaje kumsaidia mwenzetu anayependa vitu vizuri bila kumkemea kama Yuda alivyofanya?

4. Ni ahadi gani uliyoitoa nyumbani ambayo karatasi yake iko bado juu ya kabati?